Siku Kumi na Mbili Alaska na Mama: Kwanza Meli, Kisha Nchi Kavu

Kabla ya safari

Mama yangu ni mzaliwa wa Marangu. Kwa miaka 71 ameamka akiitazama barafu ya Kibo, na hajawahi kuigusa. Alipopata viza ya kuja kututembelea Seattle nilimwuliza anataka kuona nini huku. Hakutaja New York wala maghorofa. Alisema, "Nipeleke kwenye barafu ambayo goti langu hili litaifikia."

Alaska ndiyo ilikuwa jibu, na hapo ndipo mabishano yalipoanzia. Mume wangu alitaka twende kwa nchi kavu: ndege hadi Anchorage, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kutoka Seattle, kisha treni ya kuelekea kaskazini hadi hifadhi ya Denali. Mimi nilitaka meli. Mzee mwenye goti bovu anahitaji kitanda kimoja asichohama kila usiku, chakula kilicho karibu, na lifti. Mama mwenyewe hakutaka kusikia habari ya meli. Katika kizazi chake, ukitaja meli umetaja MV Bukoba ya mwaka 1996, na safari yake pekee ya baharini, Dar kwenda Unguja, aliimaliza akiwa ameinamia mfuko wa plastiki.

Kuna jambo ambalo wenzetu wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanapaswa kulijua kabla ya kulipa hata senti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inakataza meli yenye bendera ya nchi nyingine kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine bila kupita nje, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za nje. Ndiyo maana meli za Alaska ama huanzia Vancouver, Kanada, ama zikitoka Seattle hupitia Victoria, ambako pia ni Kanada. Kwa mwenye pasipoti yetu, hiyo ni viza ya pili, na viza ya Marekani nayo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya Kanada tuliiomba mapema, Mama akiwa bado nyumbani. Ukienda kwa ndege hadi Anchorage huvuki mpaka wowote. Nimeona watu wakilipia meli kwanza, kisha wakaulizia viza, na fedha haikurudi.

Mwisho tulikubaliana hivi: meli ya kwenda tu, usiku saba, kutoka Vancouver hadi Whittier, Alaska, kisha siku nne za nchi kavu tutakazojipangia wenyewe. Mume wangu akabaki na watoto. Ilikuwa Juni 2024.

Siku ya 1: Vancouver

Gati la Canada Place liko katikati ya mji. Maofisa wa uhamiaji wa Marekani wanakugongea muhuri hapohapo Vancouver kabla hujapanda, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu. Kijana mmoja wa bandarini alimwona Mama anavyokanyaga, akaleta kiti cha magurudumu bila kuombwa.

Mama alisimama mbele ya meli akaihesabu ghorofa kwa ghorofa. "Hii siyo meli," akasema, "huu ni mji." Alitulia kidogo. Tulikuwa na chumba chenye roshani upande wa kulia, kwa sababu meli inayokwenda kaskazini huwa na nchi kavu upande huo mara nyingi. Bei ilizidi ile ya chumba kisicho na dirisha, ila kwa mtu asiyeweza kupanda na kushuka sitaha kila saa, roshani ndiyo safari yenyewe.

Siku ya 2: Baharini

Misonobari, ukungu, maji yaliyotulia kama ziwa. Sehemu kubwa ya njia hii inapita katikati ya visiwa, mawimbi ya bahari kuu hayaifikii. Mama alilala mchana, akaamka, akauliza tumefika bandari gani. Hakuwa amesikia hata mtikisiko mmoja.

Chakula kimeingia kwenye nauli. Vinywaji, intaneti na matembezi ya bandarini vinalipiwa mbali, na bakshishi ya wahudumu hukatwa kila siku, kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kutegemea meli na chumba. Yajumlishe hayo mapema unapolinganisha bei na ziara ya nchi kavu.

Siku ya 3: Ketchikan

Mvua. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 4,000 kwa mwaka, na wenyeji wanatembea ndani yake bila mwavuli kama vile haipo. Watu wa mji ni kama 8,000. Siku hiyo meli tatu zilikuwa zimefunga gati, na maduka ya karibu na bandari yalijaa wageni watupu, sisi tukiwamo.

Tulichukua basi hadi Saxman, kijiji cha Watlingit, wenyeji wa asili wa pwani hii, kilicho nje kidogo ya mji, kuona nguzo zao ndefu za kuchonga. Nilidhani Mama atazitazama dakika kumi. Alikaa saa nzima chini ya koti la mvua. Mama mmoja mwenyeji alitueleza kwamba nguzo hizi haziabudiwi. Zinahifadhi habari za ukoo, za marehemu, za deni lisilolipwa. Zinachongwa kwenye mwerezi mwekundu, mti unaostahimili mvua miaka mingi. Watlingit wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na mtu wa Kunguru kwa desturi huoa upande wa Tai. Mtoto hufuata ukoo wa mama yake.

Nilipomtafsiria, Mama alimshika yule mama mkono. "Mwambie na sisi huwezi kuoa ukoo wako. Ila kwetu mtoto ni wa baba." Yule mama akacheka, akauliza kama tunaweza kubadilisha. Walibaki wameshikana mikono mpaka basi likapiga honi.

Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote aliyofanya Mama na mwenyeji katika siku saba za meli. Yalikatwa na honi.

Siku ya 4: Juneau

Makao makuu ya jimbo, na hakuna barabara inayoyaunganisha na mahali pengine popote. Unafika kwa maji au kwa ndege. Mama alinirudisha mara mbili kwenye swali hilo, hakuamini. Milima iko mgongoni na bahari miguuni, nyuma ya milima ni uwanda wa barafu. Barabara ipite wapi?

Tulikwenda Mendenhall, mto wa barafu ulio kama kilomita 20 kutoka gatini. Picha ya zamani kwenye kituo cha wageni inaonyesha barafu ikiwa karibu na pale ulipo. Leo iko ng'ambo ya ziwa, imejikunja kwenye kona ya mlima. Mama aliitazama picha, akatazama dirishani, akarudi kwenye picha. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Barafu iliyopimwa Kilimanjaro mwaka 1912, sehemu iliyobaki haifiki hata moja ya tano, na yeye ameiona ikipungua kwa macho yake, msimu kwa msimu, kutoka mlango wa jikoni.

Kuna njia ya kutembea hadi maporomoko ya Nugget, yanayodondokea pembeni mwa ziwa. Ni tambarare, kama kilomita moja na nusu kwenda. Mama alisema ataweza. Tulikwenda polepole, tukipumzika kwenye mawe. Tulianza kuyasikia maji. Nikatazama saa: basi, foleni, meli inayong'oa nanga. Ilibidi tugeuze.

Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika moyoni njia yote ya kurudi. Miezi mizima nilikuwa nikihesabu gharama za meli kwa dola, na sikuwahi kuhesabu saa. Meli inakuletea barafu mpaka kitandani, lakini muda ni wake. Ukichukua matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe, mkichelewa kwa kawaida itawasubiri. Ukijipangia mwenyewe ili upate bei nafuu, kama sisi, haikusubiri.

Siku ya 5: Skagway

Mji wa dhahabu. Mwaka 1896 dhahabu iligunduliwa Klondike, upande wa Kanada, na kati ya 1897 na 1898 watu kwa makumi ya maelfu walimiminika huku ili wavuke milima. Askari wa Kanada hawakumruhusu mtu kupita bila chakula na vifaa vya kumtosha mwaka mzima, uzito wa karibu tani moja. Watu waliwabebesha farasi, na farasi kama 3,000 walikufa njiani. Reli iliyojengwa kuanzia 1898 hadi 1900 bado inapanda mlima, kutoka usawa wa bahari hadi mita 873.

Kwa mzee reli hii ndiyo matembezi bora kuliko yote niliyoyaona kwenye bandari hizi. Unakaa, mlima unakuja. Mama alitaka kujua zaidi habari za farasi. Alisema mtu anayemwua mnyama wake kwa mzigo hawezi kuitunza dhahabu akiipata.

Siku ya 6: Glacier Bay

Niliamshwa saa kumi na mbili asubuhi na Mama akiwa tayari amevaa: kitenge, sweta mbili, koti langu, na kilemba juu ya kofia.

Glacier Bay ni ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa. Meli kubwa haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku humu ndani, na walinzi wa hifadhi hupanda kwa boti ndogo wakakaa nanyi mchana kutwa. Mmoja wao alizungumza kwenye kipaza sauti, nami nikawa namtafsiria Mama. Nahodha Mwingereza George Vancouver na watu wake walipopita mwaka 1794, hapakuwa na ghuba hapa, ni ukuta wa barafu karibu na mdomo wake. Kufikia mwaka 1916 barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Kilomita zote tulizokuwa tukipita tangu asubuhi zilikuwa barafu wakati wa Vancouver. Kabla ya hapo palikuwa bonde na vijiji vya Watlingit wa Huna. Barafu ikasonga mbele ikawafukuza, wakahamia ng'ambo. Mwaka 2016 ilifunguliwa nyumba ya koo zao ndani ya hifadhi.

"Kwa hiyo barafu iliwafukuza, kisha ikaondoka," Mama akasema. "Na sasa inakimbia kila mahali."

Mwisho wa ghuba kuna barafu iitwayo Margerie. Upana wake kilomita moja na nusu hivi, inaingia baharini moja kwa moja. Nahodha alizima kelele zote. Watu zaidi ya elfu mbili tukanyamaza, jambo ambalo sikutegemea. Rangi yake haikuwa nyeupe. Ndani ya nyufa ilikuwa buluu, kwa sababu barafu iliyoshindiliwa karne nyingi humeza mwanga mwekundu na kuachia wa buluu. Kwanza ulipasuka mlio kama bunduki, halafu kipande kikubwa kama nyumba kikashuka taratibu, na ngurumo yake ikatufikia baada ya kuwa kimeshagusa maji. Mlinzi alisema Watlingit huiita ngurumo nyeupe.

Mama alikuwa ameshika chuma cha roshani kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. Tulikaa pale karibu saa nzima. Meli iligeuzwa polepole ili pande zote mbili zione.

Niseme ukweli, hakuna ziara ya nchi kavu inayoweza kumpa mtu wa goti bovu saa ile moja. Hakuna barabara inayofika pale.

Siku ya 7: Ghuba ya Alaska

Usiku tulitoka kwenye visiwa tukaingia bahari kuu, na meli ikaanza kutikisika. Mama hakusema neno. Alishika rozari yake. Tulikuwa na tangawizi mbichi niliyoifunga nyumbani na vidonge vya kichefuchefu kutoka kwa mhudumu wa chumba, kijana wa Ufilipino aliyekuwa akimwita "Mama" tangu siku ya kwanza. Alikuja kumwangalia mara tatu usiku ule, na mara mbili zamu yake ilikuwa imekwisha.

Jioni College Fjord, maji tulivu tena, mito ya barafu imepangana ukutani ikiwa na majina ya vyuo vikuu vya Marekani iliyopewa na msafara wa mwaka 1899. Mama alisema mlima ukipewa jina la shule, wenyeji hawakuulizwa.

Siku ya 8: Whittier hadi Anchorage

Tulishuka asubuhi. Whittier ni kijiji ambacho karibu wakazi wote wanaishi kwenye jengo moja la ghorofa 14. Njia pekee ya kutoka kwa nchi kavu ni tundu la kilomita 4 lililotobolewa mlimani, njia moja tu, ambamo magari ya kwenda, magari ya kurudi na treni hupokezana.

Anchorage tulifua nguo, tukala samaki, tukalala. Kuanzia hapa mizigo ni yetu wenyewe, na mgongo wangu ulilijua hilo kabla yangu.

Siku ya 9: Treni hadi Denali

Mwendo wa saa saba na nusu hivi. Reli hii ilikamilika mwaka 1923, na Rais Harding alikuja mwenyewe kupigilia msumari wa mwisho. Tuliketi kwenye behewa la vioo. Kuanzia Talkeetna, siku ya anga safi, mlima unaonekana ukijaza dirisha. Kwetu palikuwa na wingu jeupe, na wahudumu wakielekeza kidole kwenye wingu hilo.

Mlima wenyewe una mita 6,190. Denali kwa Wakoyukon, wenyeji wa asili wa huku, ni "ulio mrefu". Kwa miongo mingi serikali iliuita McKinley, mwaka 2015 ikarudisha Denali, na Januari 2025, baada ya safari yetu, ikarudisha McKinley. Hifadhi bado inaitwa Denali, na watu tuliokutana nao hawakuwa wakitumia jina jingine. Aliyekanyaga kilele wa kwanza, mwaka 1913, ni Walter Harper, kijana ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa huku, Mwathabaskan. Nilipomwambia Mama hivyo alikaa sawasawa kwenye kiti. "Kama Mzee Lauwo!" Kwetu Marangu kila mtoto husimuliwa kwamba Yohani Lauwo ndiye aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer kupanda Kibo mwaka 1889.

Usiku haukuja. Jua lilizama saa sita usiku na ushei, na hata hivyo nje uliweza kusoma gazeti. Mama alikataa kulala mpaka nilipobandika taulo dirishani.

Siku ya 10: Basi la hifadhini

Magari binafsi yanaruhusiwa kilomita 24 za mwanzo tu. Kutoka hapo ni mabasi. Barabara nzima ni kilomita 148, ila maporomoko ya ardhi yaliikata mwaka 2021, na tulipokwenda mabasi yalikuwa yakigeuzia kilomita ya 69. Tulichukua basi la kawaida la hifadhi badala ya lile la ziara lenye maelezo: bei nafuu zaidi, na unaweza kushuka popote ukapanda jingine lenye nafasi.

Dubu mama na watoto wawili, mbali kwenye mteremko. Kulungu wawili wa huku, waitwao caribou, wakivuka barabara. Kondoo weupe juu kabisa, kama mbegu zilizomwagika. Aliyezoea Serengeti asitegemee makundi. Huku wanyama ni wachache kwenye nchi kubwa mno, na mmoja anatosha kusimamisha basi zima. Mama alishuka pale alipotaka, akakaa kwenye jiwe pale alipotaka, akachuma jani akalinusa. Dereva hakupiga honi.

Mlima: wingu.

Siku ya 11: Mvua

Tulikaa hotelini. Tulijadili, mimi na Mama, kama wanawake wawili wazima. Yeye anasema meli: alilala vizuri, alihudumiwa, aliiona barafu ikianguka. Mimi nasema nchi kavu, kwa sababu ya lile jiwe alilokalia jana bila mtu kutuhesabia dakika. Akinijia mtu mwenye wiki moja tu na mzazi asiyetembea vizuri, nitamwambia achukue meli yenye Glacier Bay kwenye ratiba, na ahakikishe imeandikwa, maana si zote zinaingia. Mwenye miguu mizuri na wiki hiyo hiyo, aruke hadi Anchorage, aachane na mambo ya viza ya Kanada. Mama alisikiliza yote. "Na mwenye muda na mzee?" akauliza. Nikamwambia afanye kama sisi.

Wanaofanya kazi huku husema mgeni mmoja kati ya watatu ndiye anayeuona mlima. Treni yetu ya kurudi ilikuwa kesho yake mchana.

Jioni Mama akasema, "Kibo huonekana alfajiri, kabla mawingu hayajaamka. Huyu naye ni mlima. Tupande basi la kwanza."

Siku ya 12: Mountain Vista

Kutoka lango la hifadhi mlima hauonekani kabisa. Lazima uingie ndani kilomita 14 au zaidi. Kuna basi la bure linalokwenda hadi mto Savage, na kabla ya mto kuna kituo kiitwacho Mountain Vista, chenye kijia kifupi kilichosawazishwa. Tulipanda la kwanza. Mvua ilikuwa imekatika. Basi likapinda kona, na dereva akapunguza mwendo bila kusema kitu.

Ulikuwa mweupe kutoka juu hadi chini, peke yake, vilima vingine vyote vikiwa chini yake kama watoto. Tulikuwa mbali nao zaidi ya kilomita 100 na bado ilitubidi kuinua macho. Mama alitembea kile kijia chote kwa fimbo yake bila kupumzika, akaketi kwenye benchi, akavua kofia akabaki na kilemba. Tulikaa. Basi moja likaja likaondoka. La pili likaja likaondoka. Wingu dogo lilianza kujikusanya begani mwa mlima saa tatu hivi, na Mama akatikisa kichwa kama mtu anayemwona jirani anayemfahamu.

Stesheni, mtandao ulipopatikana, alinipokonya simu akampigia mdogo wake Marangu. Kule ilikuwa saa tano usiku. Nilimsikia akiongea kwa sauti ya juu, abiria wakigeuka.

"Nimeuona. Ndiyo, mkubwa kuliko wetu. Barafu imeshuka mpaka chini kabisa." Akanyamaza akisikiliza. "Hapana. Hakuna mgomba hata mmoja."